Mama Aliyezidi Kwenye Mzani

Na ifahamike kwa mabara yote, kwa vituo vyote vinavyoizunguka dunia, na kwa yale makazi machache ya Mirihi ambayo bado hayajakatiwa mawasiliano, kwamba siku ya Jumanne, mara baada ya uji, Nuhu Chaula wa kidato cha sita, Sekondari ya Wavulana ya Kidungu, alikamilisha insha ya maisha yake.

Insha hiyo ilikuwa na maneno mia moja na hamsini. Mengi kati ya hayo yalikuwa jina lake.

Chuo cha Juu kiliruhusu mia tatu. Kwa hiyo nusu ya maisha ya Nuhu ilikuwa tupu kama kiwanja cha mpira wakati wa mitihani, naye hakuwa na la kuweka. Alikaa ukingoni mwa kitanda chake cha juu, sweta mbili mwilini kwa ajili ya baridi ya Kidungu, akajaribu kukumbuka jambo moja la maana alilowahi kulifanya. Alikumbuka alivyomfundisha kasuku wa mwalimu wa zamu kutangaza mapumziko. Alikumbuka pia alivyotumia karibu mgao wote wa shule, wa mwezi huo, wa maneno ya kupeleka juu kuitumia sayari ya Zuhura hotuba ya kuipongeza kwa kupata uhuru. Zuhura haikujibu. Mkuu wa shule alijibu kwa niaba yake, na Nuhu akang'oa visiki viwili.

"Yangu imezidi," ilisema sauti kutoka kitanda cha chini.

Sauti hiyo ilikuwa ya Shaame Khatibu, kijana wa Pemba, mwembamba, mwenye pumu na mwenye akili, ambaye kwa miaka sita alikuwa amelala chini ya Nuhu bila kulalamika. Nafasi ya kwenda Chuo cha Juu ilikuwa moja kwa kila shule, na Kidungu nzima, kuanzia mkuu wa shule hadi mpishi, ilijua kwamba ya mwaka huu ni ya Shaame. Nuhu aliomba kwa sababu waombaji walisamehewa kuosha masufuria.

"Imezidi kwa nini?" aliuliza Nuhu.

"Mama."

"Mama kafanya nini?"

"Ndiye aliyezidi. Nimetoa salamu, nimetoa shukrani, nimetoa pumu. Bado. Mama akibaki, mradi wangu wa maji hauingii. Na bila mradi hawakuchukui."

"Basi mtoe mama. Si atabaki nyumbani salama?"

Shaame hakucheka, na Nuhu mwenyewe alijua kwamba utani ule ulikuwa wa ovyo. Chuo cha Juu hakikuwa na desturi ya kusoma insha. Maprofesa wake walikuwa na shughuli nyingine. Huko juu palikuwa na unga, si wa sembe wala wa dona, bali vumbi laini la kijivu lenye akili kidogo, lililopandishwa kwa gharama ambayo serikali tatu zilikuwa bado zinasukumiana. Insha ikifika, mashine iliumimina unga huo neno baada ya neno mpaka pakasimama kivuli: mtu mwenye sura yako, sauti yako na mwendo wako, asiyejua lolote juu yako isipokuwa yale uliyoyaandika. Kivuli ndicho kilichofanyiwa usaili. Jioni kilirudishwa kwenye pipa. Unga wa mwombaji mmoja ulitosha maneno mia tatu, na mwaka wa kwanza, kabla sheria haijakazwa, kivuli cha kijana mmoja mwenye maneno mengi kiliishiwa unga kikasimama mbele ya baraza bila masikio.

Usichokiandika, huna. Ndivyo walivyofundishwa. Kidungu walimkumbuka kaka mmoja aliyeandika kwamba yeye ni mvumilivu. Maprofesa walimsahau koridoni, na kivuli chake kikavumilia mpaka muda ukaisha. Mwingine aliandika kwamba anapenda sana kusoma. Kivuli chake kilisoma maandishi ya kwenye mtungi wa kuzimia moto, kikayamaliza, kikayarudia.

"Yakhe," Shaame alisema, akainuka na kuegemeza kidevu kwenye godoro la Nuhu. "Wewe huna mzigo."

"Hayo ni matusi."

"Si matusi. Nisikilize. Sisi tukitoka Pemba na ndege ya mizigo, pale uwanjani pana mzani. Kila abiria na kilo zake. Aliyezidi hamwagi samli yake. Anamtafuta asiye na kitu, anamwambia, ndugu yangu, nibebee hii. Mkishavuka mzani, kila mtu na chake. Sijapata kuona samli ya mtu ikapotea."

Nuhu aliuelewa mpango huo kwa haraka, kwa kuwa tranka lake ndilo lililokuwa jepesi kuliko yote bwenini. Vitu vyake vingi vilikuwa vinaishi ofisini kwa mwalimu wa nidhamu.

"Kwa hiyo nimbebe mama yako."

"Mpaka juu tu. Vivuli vikishikana mikono, neno huhama likiachiwa. Mimi nitaandika kwamba nikifika nitampa Nuhu mkono. Wewe andika kwamba utarudisha. Basi."

"Mbona usinipe mradi wa maji? Mama si mtu wa kumpa mtu kama mimi."

Shaame alimtazama kwa upole uliokera. "Kitu cha kuvunjika hakitiwi ndani ya tranka," alisema. "Hubebwa mkononi. Na mkono mtupu ni wako."

Nuhu alichukua kalamu akaanza kuandika bila kubishana. Jambo hilo lilimpata mara chache sana, naye hakulipenda.

*

Mzani wa insha ulikaa ofisini kwa Mwalimu Theopista, juu ya kabati, kati ya kombe la mdahalo na birika lisilo na mfuniko. Uliweka ukurasa wako juu yake. Ukikubali, uliwaka kijani na kuifunga insha milele. Ukikataa, uliwaka nyekundu na kukohoa. Mwalimu Theopista alikuwa mwanamke mrefu aliyefundisha Kiswahili na aliyesahihisha kwa kalamu nyekundu hata matangazo ya misiba. Sheria ilimkataza kusoma insha za waombaji, na katazo hilo lilikuwa linammaliza polepole.

Insha ya Nuhu ililazwa. Mzani ukakohoa.

"Umezidi," alisema Mwalimu Theopista. Kisha akalirudia kwa sauti ya mtu aliyemwona kuku akiogelea. "Wewe, Chaula. Umezidi."

"Nina mengi, mwalimu."

"Matano. Punguza, na usinijazie ofisi harufu ya soksi."

Nuhu aliuchukua ukurasa akasogea dirishani. Jina lake alikwishalipunguza likabaki moja, na roho ilikuwa bado inamuuma. Maneno ya mama yake Shaame alikuwa ameapa kutoyagusa. Yalikuwa maneno ya kawaida tu: kwamba Mwanakheri anauza urojo, kwamba alimfundisha mwanawe kupakua, wageni kwanza, wadogo wafuate, mwenye upawa mwisho, kwamba wakati wa pumu alikaa naye akimwimbia bei za viazi mpaka pumzi ikarudi. Nuhu alikuwa ameyasoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama yake mwenyewe alifariki kabla hajaanza kusema, na kwao hakuna aliyemwimbia bei ya kitu chochote.

Basi zilibaki sentensi mbili, na kila moja ilikuwa na maneno matano, kana kwamba kuna mtu alizipima ili kumtesa.

Ya kwanza ilisema: *Nikifika, nitamrudishia Shaame mama yake.*

Ya pili ilisema: *Na sijawahi kurudisha kitu nilichoazima.*

Hiyo ya pili aliitunga siku ile ya Jumanne, na ndiyo sentensi pekee katika insha nzima iliyomchekesha yeye mwenyewe. Aliwaza namna maprofesa watakavyocheka. Watu wazima, wenye miwani, wanaozunguka dunia bila kitu cha kuwachekesha. Kuifuta ilikuwa karibu na ukatili.

Na ile ya kwanza, kwani ilikuwa na kazi gani? Kivuli kitakuwa yeye. Yeye si mwizi. Mtu mwaminifu hahitaji kuandikiwa kwamba atarudisha samli ya mwenzake. Atarudisha tu, kwa malezi. Hivyo ndivyo alivyojadiliana na nafsi yake dirishani, na nafsi yake, ambayo ilimzoea, haikuleta ubishi. Kwamba usichokiandika huna, na kwamba malezi hayo hayakuwamo popote katika ukurasa ila katika maneno ya mama wa mtu, alilisahau jambo hilo kwa bidii.

Alifuta kwa kidole gumba. Mzani ukawaka kijani.

"Umefuta nini?" Mwalimu Theopista aliuliza kabla hajajizuia.

"Mapambo, mwalimu."

*

Siku ya usaili bwalo la Kidungu lilifagiliwa mara mbili. Wazazi walikuja, kwa kuwa usaili ulirushwa kwenye kioo kikubwa ukutani, na kumwona mwanao amefanywa unga angani si jambo la kukosa. Mama yake Shaame, Bi Mwanakheri, alisafiri tangu Pemba na sufuria kubwa lililofungwa kwa kanga. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na alipolitua sufuria mezani bwalo zima lilinusa limao na viazi na likaacha kumsikiliza mkuu wa shule.

"Shikamoo, mama," Nuhu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Nuhu? Shaame ananiambia wewe ndiye uliyemsaidia mzigo."

"Ni mdogo tu, mama."

"Mzigo wa mwenzio hauwi mdogo," alisema Bi Mwanakheri, akamgusa bega. Nuhu alikwenda kukaa upande wa pili wa bwalo.

Usaili wa Chuo cha Juu haukutangazwa kuwa umeanza. Kioo kilionyesha meza ya duara, vivuli sita vya shule tano, sufuria moja, upawa mmoja, bakuli sita. Maprofesa walikaa pembeni wakijifanya wanazungumza. Mwenyekiti wao, Profesa Leokadia Mhina, alikuwa anakata kucha.

Kivuli cha kwanza, ambacho mwenyewe aliandika kwamba ni kiongozi, kiliunda kamati ya sufuria. Cha pili kiliandikwa kwamba kinajitegemea. Kililivuta sufuria lote upande wake. Cha tatu kilikuwa mbunifu, kikavaa bakuli. Cha nne kilikubaliana na wote.

Ndipo kivuli cha Nuhu kikasimama.

Bwalo lilitulia, maana Nuhu huyu walimjua. Tangu kidato cha kwanza hakuwahi kuwa wa pili kwenye mstari wa chakula, na jina lake la bwenini lilikuwa Namba Moja. Kivuli kiliuchukua upawa. Kilimpakulia mwenyekiti wa kamati ya sufuria, kikampakulia mbunifu baada ya kumvua bakuli taratibu, kikampakulia hata yule mwenye kujitegemea. Kila kilipomimina, kiligonga upawa ukingoni mwa sufuria mara mbili, ili tone lisimchafue mgeni. Kilijiwekea mwisho, kidogo kilichobaki.

Wavulana walianza kucheka, kwanza kwa chini, kisha mpaka mpishi akaegemea ukuta. Profesa Mhina aliacha kucha zake.

Bi Mwanakheri hakucheka. Alikuwa ameinama mbele.

"Shaame," alisema, "huyo kijana mbona anagonga upawa wangu?"

Shaame alikuwa anakitazama kivuli chake mwenyewe. Kilikuwa kimekaa mikono magotini kama kifurushi kilichosahauliwa stendi. Hakikushukuru kilipopakuliwa. Hakikujua kama hushukuriwa.

Profesa Mhina alikisogelea. "Wewe kijana," alisema, "nani amekulea?"

Kivuli kilifikiri kwa uaminifu.

"Sina habari hiyo," kikasema. "Nina mradi wa maji."

Waliokuwa wanacheka walicheka hapo pia. Halafu mmoja mmoja wakamwona mama aliyekaa nyuma ya sufuria, na kicheko kikafa kwa mafungu, safu moja baada ya nyingine, mpaka kikaisha kabisa. Bi Mwanakheri alikuwa anaifungua kanga ya sufuria na kuifunga tena, vilevile ilivyokuwa.

"Si kitu, mama," Shaame alinong'ona. "Sasa hivi kitapeana mkono. Utaona. Ni mpango."

Na kweli kivuli chake kiliinuka, kikamwendea Nuhu wa unga, kikanyosha mkono. Hilo lilikuwamo kwenye insha. Sentensi hiyo ilikaa mahali palipoachwa na pumu ya Shaame.

Nuhu wa unga aliutazama ule mkono. Akarudisha wake nyuma ya mgongo.

"Na sijawahi," alisema kwa fahari, "kurudisha kitu nilichoazima."

Maprofesa walicheka. Walicheka sana, wote, na mmoja alivua miwani akafuta machozi. Ilikuwa hasa kama Nuhu alivyoiona kwenye mawazo yake pale dirishani, na alitamani sakafu ya bwalo ifunguke.

Shaame alivuka bwalo mpaka alipokaa Nuhu. Alipumua kwa shida.

"Sentensi ya kurudisha iko wapi?"

"Mzani," Nuhu alisema. "Umeila. Nilishangaa hata mimi."

"Mzani hauli," ilisema sauti nyuma yao. Mwalimu Theopista alikuwa amesimama na kikombe cha chai, na wala hakuinua sauti. "Miaka tisa niko nao chumba kimoja. Unakohoa, Chaula. Hauli."

Shaame aliwatazama wote wawili. Halafu akarudi kwa mama yake.

Kioo kikawa na uso mmoja tu, wa Profesa Mhina.

"Kidungu," alisema. "Nafasi yenu tunampa Nuhu Chaula. Sijaona kijana aliyelelewa hivi kwa muda mrefu. Kabla ya muhuri, mwombaji aje mwenyewe aape kwamba aliyoyaandika ni yake. Nawaomba awe mfupi. Naona mwezi huu mmebakiwa na maneno kumi ya kupeleka juu." Aliinama kusoma kitu. "Mengine, naambiwa, yalikwenda Zuhura."

Nuhu alikwenda mbele ya kipaza sauti. Safari hiyo aliifahamu. Ndiyo njia ya kwenda kuchapwa. Neno *ndiyo* ni moja. Angelisema, muhuri ungelia, na kesho angeanza kufungasha tranka lake jepesi kwenda mahali ambapo maprofesa hucheka. Huko juu angepewa sifa ya malezi, na hakuna ambaye angemwuliza tena kayapata wapi. Shaame angerudi Pemba na sufuria.

Angesema *hapana*, angekuwa si mwombaji wa kitu chochote. Masufuria yalikuwa yanamngoja jikoni, yote.

Aligeuka. Alitaka Bi Mwanakheri amtazame kwa hasira, ili apate kumchukia kidogo na kazi iwe rahisi. Bi Mwanakheri alikuwa amemweka Shaame mbele yake, kiganja kimoja mgongoni mwake, kwa sababu pumzi ilikuwa imembana, na alikuwa anamsemea kitu sikioni kwa sauti ya chini yenye mwendo. Nuhu alikuwa mbali mno kuweza kusikia. Hakuhitaji. Viazi fungu, ndimu fungu, pilipili bure kwa mteja.

Alikisogelea kipaza sauti. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alihesabu kwanza.

"Mama si wangu," alisema. "Sentensi ya kurudisha niliifuta mimi, si mzani."

Taa ya kipaza sauti ikazimika.

Mwalimu Theopista alikuwa anakunja vidole, kimoja baada ya kingine, midomo ikicheza. Alifika kidole cha mwisho akakitazama.

"Kumi," alisema. "Kamili." Ilisikika kana kwamba ameona kitu ambacho hakutarajia kukiona kabla ya kustaafu.

Huko juu Profesa Mhina hakucheka, wala hakukasirika sana. Alikuwa na uso wa mtu aliyekula urojo akaambiwa haukupikwa hapo.

"Chaula, umefutwa," alisema. "Khatibu atasubiri. Siwezi kumhukumu mtu nusu. Leteni hicho kivuli kitoe mkono."

Kivuli cha Nuhu kilisikia. Kiliukumbatia upawa kifuani, kikasema kwamba hakijawahi kurudisha kitu kilichoazima, kikatimua mbio. Kioo kilionyesha maprofesa wawili wenye heshima zao wakikifukuza kuizunguka meza, na kivuli cha Shaame kikiwafuata nyuma, mkono umenyoshwa, kwa utiifu mkubwa. Nuhu alikitazama na hakuona cha kuchekesha. Alikielewa mno. Angekuwa ni yeye, naye angekimbia.

Nyuma yake kitu kiligonga ukingo wa sufuria, mara mbili.

Bi Mwanakheri alikuwa amefungua kanga. Mvuke ulipanda. Shaame alikuwa amekaa kando yake, anapumua, anashika bakuli. Nuhu alikwenda akasimama mbele yao, na maneno yote aliyowahi kuwa nayo yalikuwa yamekwisha kwa mwezi ule.

"Mama," alianza, "mimi ndiye…"

"Nimekusikia. Huko juu wamekusikia pia." Alimpakulia kijana wa kidato cha kwanza aliyekuwa karibu, akagonga upawa. "Njaa unayo?"

"Ninayo, mama."

"Utakula. Wageni kwanza, wadogo wafuate." Alimwonyesha kwa upawa. "Wewe leo ni wa mwisho kabisa. Hata mimi nitakula kabla yako."

Shaame aliinua uso kutoka kwenye bakuli. "Na akimaliza, ataosha," alisema. "Namba Moja."

Wavulana walikuwa wamekwishapanga mstari, ukazunguka meza, ukatoka mlangoni, ukapita nyuma ya jiko. Nuhu aliufuata kuelekea mwisho wake, mahali ambapo hakuwahi kufika tangu kidato cha kwanza, na akagundua kwamba ni mbali.